Majibu yaliyokosekana kwenye data za makundi: mwongozo kamili wa R, Stata na SPSS

Mtu anayechambua data za dodoso, iwe ya tasnifu au ya mradi wa shirika, lazima atafika kwenye kolamu ya elimu au hali ya ndoa akute mapengo, na swali la kwanza linalomjia ni "nijazie nini hapa?". Mi naomba hilo liwe swali la mwisho. La kwanza ni pengo limetoka wapi. Kwenye data za namba ukikosea kidogo unasogeza uzito wa mtu kilo mbili tatu, ila kwenye makundi hakuna kusogeza kidogo, hakuna mtu aliyeko katikati ya mjane na asiyeolewa, kwaiyo ukikosea umemhamisha mtu mzima mzima kutoka kundi moja kwenda lingine, na jedwali lako haliwezi kukuonyesha kwamba umefanya hivyo.

Tutumie mfano mmoja wa kubuni mwanzo mpaka mwisho. Utafiti wa kaya, watu 400, wahojaji wamejaza majibu kwenye simu kupitia programu ya KoboToolbox, vigeu (yani vitu tulivyopima) ni umri, jinsia, makazi (mjini au kijijini), elimu, ndoa, bima ya afya, na kwa wanawake kuna swali la uzazi wa mpango. Tunataka kujua nani ana bima na nani hana. Sehemu kubwa nitafanya kwa programu ya takwimu ya R maana ni ya bure na inaenda hata kwenye laptop ya zamani, Stata na SPSS nitazigusa pale zinapofanya mambo kivyao.

Hatua ya 1: jua pengo ni la aina gani

Mapengo yote yanafanana kwenye skrini ila hayafanani kabisa kwenye maana. Kuna mtu hakuulizwa kwa sababu swali halimhusu. Kuna aliyeulizwa akasema sijui. Kuna aliyekataa kujibu. Na kuna ambaye mhojaji alipitiliza tu au rekodi ilipotea njiani. Faili za DHS (tafiti za kitaifa za idadi ya watu na afya), kama zile za Tanzania na Kenya za 2022, zinatenganisha haya vizuri na ni vyema ukaiga: kisanduku kitupu maana yake swali halikumhusu mhojiwa, msimbo wa 8 au 98 ni "hajui", na 9 au 99 ni jibu ambalo lilitakiwa liwepo ila halipo.

Kama dodoso lako lilikuwa na maswali ya kuruka, fungua XLSForm yako (lile faili la Excel lenye dodoso) uangalie kolamu ya relevant, hapo utaona nani alitakiwa kuulizwa nini. Alafu pambanisha swali la mlango (anatumia uzazi wa mpango?) na swali la ndani (njia ipi?), df ikiwa ni data yako:

table(df$anatumia, df$njia, useNA = "always")

Tuseme kwenye mstari wa "hapana" wanawake wote wana NA (alama ya R ya pengo) kwenye njia, hiyo ni sawa kabisa, hawatumii kwaiyo hawana njia ya kutaja. Ila kwenye mstari wa "ndiyo" ukakuta NA 7, hao saba ndo wamekosekana kweli. Kwenye kolamu moja una aina mbili za NA na kila moja inataka dawa yake. Wale wa "halimhusu" usiwajazie kwa njia yoyote ile, wape kundi lao lenye jina, au fanya uchambuzi wa swali hilo kwa wanaolihusu tu. Nimeona ripoti ambapo wanaume wamehesabiwa kama "hawajajibu" kwenye uzazi wa mpango, asilimia za pale zote hazifai.

Kuhusu "sijui" inabidi utumie akili yako mwenyewe, programu haitakusaidia. Ukimuuliza mtu kama anajua pa kwenda kupima VVU akasema sijui, hilo ni jibu tena ni jibu muhimu. Ukimuuliza mkuu wa kaya kiwango cha elimu cha mke wake akasema sijui, hapo elimu ipo ila huijui, hilo ni pengo.

Hatua ya 2: pakia data bila kuficha wala kuzalisha mapengo

Hapa ndo data nyingi zinaharibika kabla hata uchambuzi haujaanza. Kwenye R, read.csv ikikuta kisanduku kitupu kwenye kolamu ya namba inaweka NA, lakini kwenye kolamu ya maneno inaacha neno tupu, yani "", na hilo R inalihesabu kama kundi halali kama makundi mengine. Ukiuliza is.na inakwambia hakuna kilichokosekana na wewe unafurahi. Ongeza hapo nafasi tupu, "n/a", kistari, "hajajibu" na "Hajajibu" za wahojaji tofauti, unaishia na makundi sita ya kitu kimoja. Kwaiyo pakia hivi:

df <- read.csv("kaya.csv", strip.white = TRUE, na.strings = c("", "NA", "n/a", "-"))

Neno "hajajibu" mi siliweki kwenye hiyo orodha. Naliacha kwanza nilione kwenye jedwali, nijue wangapi walikataa, ndo baadae nalibadilisha kuwa NA kwenye kolamu mpya. Kolamu ya asili usiiguse.

Angalia pia upande wa pili, programu kuzalisha pengo ambalo halipo. Ukiwa na data za nchi za SADC zenye misimbo ya herufi mbili, Namibia msimbo wake ni NA. R itaifuta Namibia nzima bila kukwambia, na pandas, kifurushi cha data cha Python, nayo hivyohivyo. Dawa kwenye R ni kuandika na.strings = "" bila kuweka NA, kwenye pandas ni keep_default_na=False pamoja na na_values=[""].

Stata ina kitu kizuri sana ambacho wengi hawakitumii, mbali na ile nukta ya kawaida kuna .a mpaka .z, kwaiyo unaweza kutunza sababu ya pengo:

mvdecode elimu ndoa, mv(98=.a \ 99=.b)

Kwenye SPSS unatangaza hivi, na mwisho ni thamani tatu kwa kigeu kimoja:

MISSING VALUES elimu ndoa (98, 99).

Ila kwenye SPSS kigeu cha maneno kikiwa kitupu kinahesabika kuwa ni jibu halali, ni tabia ileile ya R. Kibadilishe kuwa namba kwa AUTORECODE ukiweka /BLANK=MISSING. Na ukihamisha faili la SPSS kwenda R kwa kifurushi cha haven, andika read_sav("kaya.sav", user_na = TRUE), usipofanya hivyo 98 na 99 zote zinageuka NA moja na ile kazi yote ya hatua ya kwanza imepotea.

Hatua ya 3: hesabu, tena hesabu kwa pamoja

colSums(is.na(df))
table(df$elimu, useNA = "ifany")
mice::md.pattern(df)

Ya kwanza inakupa kila kolamu, ya tatu, inayotoka kifurushi cha mice, inakuonyesha mapengo yanavyoambatana. Kwenye Stata ni tab elimu, missing na misstable patterns. Usiishie kwenye kolamu moja moja, maana hapo utadanganyika. Ukiwa na vigeu vitano na kila kimoja kina pengo la 10% tu, na mapengo hayaambatani, wanaobaki na majibu yote matano ni 0.9 mara yenyewe mara tano, yani kama 59%. Kwenye watu 400 hao ni 236. Umeanza na 400, regreshoni (modeli ya kupima uhusiano wa vigeu) imefanyika kwa 236, na glm, amri ya R ya regreshoni, haikuulizi chochote, inaweka tu kamstari kadogo chini kwenye summary kanakosema mistari kadhaa ya data imefutwa. Kasome kale kamstari kila mara.

Kabla ya kuendelea kuna mitego ya kukagua kwenye script yako. Stata inachukulia pengo kuwa kubwa kuliko namba zote, kwaiyo ukiandika

gen msomi = elimu >= 2

kila ambaye elimu yake haijulikani anakuwa msomi. Andika gen msomi = elimu >= 2 if !missing(elimu). Kwenye R mtego uko kwa filter ya kifurushi cha dplyr, ukisema filter(ndoa != "mjane") unategemea watoke wajane tu, kumbe wanatoka na wote wenye NA. Na kwenye pandas, get_dummies, inayogeuza makundi kuwa kolamu za 0 na 1, inampa mtu mwenye pengo sifuri kwenye kila kundi, na ukishaondoa kundi moja la kulinganishia, yule mtu anaonekana kama ni wa kundi lile uliloliondoa. Weka dummy_na=True angalau umuone.

Hatua ya 4: angalia nani hasa hajajibu

Mtaalamu wa takwimu Donald Rubin mwaka 1976 ndo aliyeweka mgawanyo ambao tunautumia mpaka leo. Pengo linaweza kuwa la bahati tupu, halihusiani na chochote. Linaweza kuhusiana na vitu unavyovijua, mfano wazee wa kijijini ndo hawakutaja elimu, na umri na makazi unavyo. Au linaweza kutegemea jibu lenyewe ambalo hulijui, mfano mtu amekataa kutaja elimu kwa sababu hajasoma na anaona aibu. Kila moja lina matibabu yake. Jaribu hivi:

df$elimu_pengo <- is.na(df$elimu)
summary(glm(elimu_pengo ~ umri + jinsia + makazi, family = binomial, data = df))

Kama kuna kitu kimejitokeza, lile wazo la bahati tupu limekufa na kufuta mistari kunaweza kukupa jibu lililopinda. Kama hakuna kilichojitokeza usishangilie, maana jaribio hili haliwezi kuona ile aina ya tatu, na hakuna jaribio lolote la ndani ya data linaloweza. Hapo unatakiwa uwaulize wahojaji. Yule aliyekaa na watu uwanjani anajua swali gani watu walikuwa wanaangalia pembeni, na maelezo yake yana uzito.

Hatua ya 5: chagua njia

Kufuta mistari kunakubalika mapengo yakiwa machache sana, na ukiwa umeridhika na hatua ya 4.

Kujazia na kundi lenye watu wengi ndo njia inayofundishwa sana mitandaoni na ndo ninayoipinga kwa nguvu zote. Angalia namba zenyewe. Kwa hesabu hii peke yake, tuseme elimu ina wasiosoma 40, msingi 180, sekondari 100, chuo 20, na mapengo 60. Kati ya 340 waliojibu, msingi ni 52.9%. Ukiwatupia wote 60 kwenye msingi wanakuwa 240 kati ya 400, yani 60%. Umeongeza asilimia saba za watu wa msingi ambao hujawahi kuwasikia wakisema chochote, na programu sasa inaamini una majibu 400 ya uhakika, kwaiyo mipaka ya makosa inakuwa myembamba kuliko ukweli. Upande mmoja umepindisha jibu, upande mwingine umejipa uhakika usiokuwa nao.

Kutengeneza kundi la "haijulikani" inategemea unatafuta nini. Kama ni modeli ya kubashiri tu, fanya, inaweza hata kusaidia maana kutokujibu kwenyewe ni taarifa. Kwenye jedwali la maelezo pia fanya, msomaji anastahili kuona. Ila kama elimu umeiweka kwenye regreshoni ili kudhibiti athari yake, lile kundi la "haijulikani" limechanganya wasiosoma na wa chuo kikuu ndani ya chungu kimoja, udhibiti wako umevuja, na utavuja hata kama mapengo ni ya bahati tupu. Kwenye R ukiamua, kifurushi cha forcats cha kuanzia toleo la 1.0.0 ina fct_na_value_to_level, ile fct_explicit_na ya zamani imeachwa.

Inabaki kujazia mara nyingi, yani unatengeneza nakala nyingi za data, kila nakala imejaziwa kwa kubahatisha kwa uwiano unaotokana na vigeu vingine, unachambua kila moja, alafu unaunganisha matokeo. Kutofautiana kwa zile nakala ndo kunabeba ule wasiwasi wa kwamba hujui jibu. Kwa kazi nyingi za dodoso hii ndo ningekushauri.

Hatua ya 6: jazia kwa mice

Mice ni kifurushi cha R cha Stef van Buuren na Karin Groothuis-Oudshoorn. Jambo kubwa ni kuiambia kila kolamu ni ya aina gani, na kolamu ya maneno matupu haiijazii, lazima iwe factor, yani kolamu ya makundi.

library(mice)
df$elimu <- factor(df$elimu, levels = c("hajasoma","msingi","sekondari","chuo"), ordered = TRUE)
df$ndoa <- factor(df$ndoa)
df$bima <- factor(df$bima)
df$makazi <- factor(df$makazi)
df$jinsia <- factor(df$jinsia)
d2 <- df[, c("bima","elimu","ndoa","umri","jinsia","makazi")]
imp <- mice(d2, m = 40, maxit = 10, seed = 2024)
imp$method
imp$loggedEvents

Kwenye imp$method ukague njia ya kujazia ya kila kolamu, kwamba bima yenye majibu mawili imepewa logreg, ndoa yenye makundi zaidi ya mawili imepewa polyreg, na elimu yenye mpangilio imepewa polr. Ukiona pmm (njia ya kolamu za namba) kwenye ndoa ujue imesomeka kama namba, rudi nyuma urekebishe. Kwa nini m, yani idadi ya nakala, ni 40 wakati chaguo la kawaida la mice ni 5? White, Royston na Wood mwaka 2011 walipendekeza idadi ya nakala isipungue asilimia ya watu wenye pengo lolote. Kwetu, tukitoa wale 236 wa hatua ya 3, ni 164 kati ya 400, yani 41%, kwaiyo 40 imepungua kidogo tu, ukitaka kulifuata pendekezo sawasawa weka 41 au hata 50, ni dakika chache tu.

Umeona bima, ambayo ndo matokeo tunayoyatafuta, iko ndani ya kujazia. Watu wengi wanaitoa wakidhani ni kama kudanganya. Ni kinyume chake, ukiitoa unajazia elimu kana kwamba haina uhusiano na bima, na uhusiano uliokuwa unautafuta unaupunguza kwa mkono wako mwenyewe. Kitu cha kutoa ni namba ya kaya, jina la mhojiwa na vitambulisho vingine. Kama sampuli ina uzito na matabaka, hivyo navyo viingie.

Makundi madogo sana yanasumbua. Ukiwa na "talaka" watu 4 tu na wote wana bima, modeli inakwama au inatoa makadirio ya ajabu, unganisha makundi yenye maana inayokaribiana kabla ya kujazia.

Kisha chambua na unganisha:

fit <- with(imp, glm(bima ~ factor(elimu, ordered = FALSE) + ndoa + umri + jinsia + makazi, family = binomial))
summary(pool(fit), conf.int = TRUE, exponentiate = TRUE)

Ile factor(elimu, ordered = FALSE) usiiruke. Bila hiyo R inakupa elimu.L, elimu.Q na elimu.C badala ya msingi, sekondari na chuo, na hapo wanafunzi wengi wanachanganyikiwa hawajui imetoka wapi.

Kwa Stata:

mi set mlong
mi register imputed elimu ndoa bima
mi impute chained (ologit) elimu (mlogit) ndoa (logit) bima = umri i.jinsia i.makazi, add(40) rseed(2024) augment
mi estimate, or: logit bima i.elimu i.ndoa umri i.jinsia i.makazi

Kumbuka mi impute inajazia nukta ya kawaida tu, zile .a na .b inaziona kama mapengo yasiyotakiwa kuguswa. Ni faida kubwa kwa "halimhusu", ila kwa wale wa .b unaotaka wajaziwe lazima kwanza uandike replace elimu = . if elimu == .b, la sivyo watabaki vilevile. Neno augment linasaidia pale kundi dogo linapobashirika moja kwa moja.

Kwenye SPSS kujazia mara nyingi kuko kwenye moduli ya ziada, na kabla hujabonyeza nenda Variable View kwenye kolamu ya Measure. Ndoa ikiwa imeandikwa Scale, SPSS itaijazia kwa regreshoni ya mstari na utakuta mtu ana hali ya ndoa 2.37. Iweke Nominal.

Hatua ya 7: kagua na ujaribu kuivunja

plot(imp) ikuonyeshe mistari inayopishana bila kupanda wala kushuka kwa pamoja. Alafu linganisha uwiano wa waliojibu na waliojaziwa, ila ndani ya makazi, mjini peke yake na kijijini peke yake. Kwa jumla wanaweza kutofautiana na ikawa sawa, kwa sababu kama waliokosekana wengi ni wa kijijini, wasiosoma wanatakiwa waongezeke. Ndani ya kijiji wakitofautiana sana ndo utafute sababu.

Usizipange zile nakala 40 moja juu ya nyingine ukaziita watu 16,000. Wala usichukue jibu lililojirudia sana kwa kila mtu ukaliweka kama ndo lake, hapo umerudi kulekule kwenye kujazia na kundi kubwa kwa njia ndefu.

Kama wahojaji wamekwambia watu walificha, jaribu mipaka ya mbali. Kwa hesabu hii peke yake, tuseme kwenye bima 90 wamesema wanayo, 250 hawana, 60 hawajajibu. Kwa waliojibu ni 26.5%. Chukulia wote 60 hawana, inakuwa 22.5%. Chukulia wote wanayo, inakuwa 37.5%. Ukweli wa watu hawa 400 uko humo ndani, na kwa hilo huhitaji dhana yoyote. Hitimisho lako likisimama pande zote mbili una kitu kigumu mkononi. Likisimama upande mmoja tu, andika hivyo hivyo kwenye ripoti, msimamizi mzuri ataheshimu.

Hatua ya 8: andika ulichofanya

Kwenye sehemu ya mbinu taja mapengo ya kila kigeu kwa idadi na asilimia, taja "halimhusu" pembeni na "hajajibu", taja programu na toleo lake, modeli ya kila kigeu, vigeu vilivyoingia kwenye kujazia, idadi ya nakala na namba ya mbegu (ile seed). Weka pia matokeo ya wale 236 wenye majibu kamili kwenye kiambatisho, yakipishana na ya kujazia eleza kwa nini unadhani yamepishana. Faili la asili, script na dodoso lenye maswali ya kuruka viweke folda moja, maana anayekuja kuangalia kazi yako ataanza na hilo dodoso.